Mfamasia wa Paderborn na kasumba yetu

Kila mwaka ninapofunza somo la mabadiliko ya maana, huwauliza wanafunzi wangu neno kasumba lina maana gani. Hujibu bila kusita kwamba ni fikra potovu iliyomganda mtu akilini, na wengi hutoa mfano wa kasumba ya kikoloni. Ni nadra kumpata anayejua kwamba kasumba, kabla ya kuhamia akilini, ilikuwa afyuni yenyewe, ule utomvu unaogemwa katika vichwa vya mbegu vya mpopi. Mihadarati nalo ni neno la Kiarabu lenye mzizi wa kufa ganzi, na Waarabu hulitumia hata kwa dawa ya ganzi ya daktari. Nasi twasema dawa za kulevya, jina linaloanza na dawa. Lugha haijasahau kwamba vitu hivi ni kimoja. Tuliosahau ni sisi, na anayelipia usahaulifu huo ni mgonjwa wa saratani asiyelala usiku kwa maumivu.

Ndiyo maana nataka leo tumkumbuke Friedrich Sertürner, aliyezaliwa mwaka 1783 huko Neuhaus, karibu na mji wa Paderborn, Ujerumani. Babake alifariki angali kijana, na mwaka 1799 akapelekwa kujifunza kazi katika duka la dawa mjini humo. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mwanagenzi wa kupima, kusaga na kuchanganya.

Katika kazi hiyo alikumbana na tatizo lililowasumbua waganga tangu kale. Afyuni ilijulikana kuwa mfalme wa vituliza maumivu, lakini haikutabirika. Donge moja liliweza kuwa dhaifu, mgonjwa akaendelea kuugua. Jingine la uzito uleule likawa kali, mgonjwa asiamke. Daktari hakuwa na njia ya kujua alichotoa. Sertürner alishuku kwamba ndani ya utomvu ule mna kitu kimoja chenye nguvu, na kwamba kikitengwa kitapimika. Kabla ya kutimiza umri wa miaka 23, kwa kutumia amonia na vyombo duni, alikitenga kikiwa chembe nyeupe, akawajaribia mbwa. Alichapisha habari hizo katika jarida la wafamasia, na wakubwa wa sayansi hawakumjali. Mwanagenzi ni nani hata asikilizwe?

Mwaka 1806 alihamia Einbeck, na mwaka 1809 akafungua duka lake chini ya utawala wa Wafaransa. Napoleon alipoanguka, kibali alichopewa kikatiliwa shaka, akaingia katika mabishano marefu yaliyomalizika kwa yeye kulipoteza duka. Hata hivyo hakuiacha kazi yake ya zamani. Mwaka 1817 alichapisha makala mapya yaliyomtia katika historia. Safari hii hakuwapa mbwa. Aliinywa mwenyewe pamoja na vijana watatu: takriban miligramu 30, kisha kiasi hichohicho tena, kisha mara ya tatu, yote katika muda wa dakika 45 hivi. Leo mgonjwa mzima anayeanza kutumia dawa hii hupewa kwa kawaida miligramu 5 hadi 10. Vijana wale walilewa, wakaumwa na tumbo, wakaelekea kuzimia, hadi Sertürner alipowanywesha siki kali ili watapike. Jaribio hilo lisingeruhusiwa leo, na halikustahili kuruhusiwa hata siku hizo. Lakini hakulificha. Aliieleza hatari ya dawa katika makala yaleyale aliyoisifia.

Aliipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac aliona uzito wa makala hayo, akahimiza yatafsiriwe, na Ulaya ikaamka. Kufikia mwaka 1827 Merck, mfamasia wa Darmstadt, alikuwa akiitengeneza kwa biashara. Mwaka 1831 Wafaransa walimtuza Sertürner faranga 2,000. Wakati huo alikuwa na duka mjini Hameln, mwenye sifa, lakini mkali wa maneno na mwenye ugonjwa wa jongo, ambao alijitibu kwa dawa yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1841, akazikwa Einbeck, mji uliomnyang'anya duka.

Mwaka aliofariki, Uingereza ilikuwa vitani na Uchina kwa sababu ya biashara ya afyuni. Miaka 12 baadaye ikaja sindano ya kudunga chini ya ngozi, na uraibu wa mofini ukaenea. Dunia ilikuwa na haki ya kuogopa. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1912 uliweka masharti, na ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukayaunganisha. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mkataba huu wa pili, mwanzoni kabisa, unakiri kuwa dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na unazitaka nchi zihakikishe zinapatikana. Sheria yetu ya mwaka 1994 nayo inamwadhibu mlanguzi bila kumkataza daktari.

Sehemu ya adhabu tuliishika, ile ya pili tukaiacha kabatini. Jopo la jarida la The Lancet lilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Nairobi Hospice imekuwapo tangu mwaka 1990, lakini nje ya vituo vya namna hiyo wapo wauguzi wanaoiogopa mofini kuliko saratani yenyewe, na jamaa wanaosikia jina lake wakadhani mgonjwa wao amekatiwa tamaa au atageuzwa mraibu.

Majirani zetu wa Uganda walitumia njia ya Sertürner. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji kwa kiasi kinachojulikana, ukatiwa rangi ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe, na mgonjwa hupewa bila malipo. Kwa kuwa madaktari ni wachache, tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum kuiandikia wagonjwa. Kila chupa huandikwa daftarini, na mgonjwa huinywa nyumbani kwake, kila baada ya saa nne.