Frederick Selous, mwindaji wa tembo aliyepata medali ya vita akiwa mzee

Tarehe 4 Januari 1917, kapiteni mmoja Mwingereza aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, katika Tanzania ya leo. Alikuwa na miaka 65. Jina lake ni Frederick Courteney Selous.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, akafika Afrika Kusini mwaka 1871 kutafuta maisha kwa bunduki. Mfalme Lobengula wa Wandebele alimruhusu kuwinda tembo katika nchi yake. Lakini mwaka 1890, Selous ndiye aliyeonyesha njia msafara wa watu wa Cecil Rhodes walioingia Mashonaland. Miaka mitatu baadaye, ufalme wa Lobengula ulianguka.

Sifa yake ya uwindaji ilienea mbali. Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt, raisi wa zamani wa Marekani, kutayarisha safari yake ya Afrika. Safari hiyo ilimfikisha Roosevelt hadi Lado, kando ya mto Nile, kaskazini ya Mahagi, eneo lililokuwa bado chini ya utawala wa Congo. Huko aliua vifaru weupe.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, Selous aliomba kuingia jeshini, wakamkatalia kwa sababu ya umri wake. Mwaka 1915 alipokelewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, na mwezi wa tano akashuka Mombasa.

Mwezi uliofuata, mashua za Waingereza zilitoka Kisumu zikavuka ziwa Victoria kwenda Bukoba, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Walitaka kuvunja mnara wa redio. Tarehe 22 Juni askari walishuka pwani, kaskazini ya mji, wakapanda mlima mkali. Selous alikuwa kati yao, pamoja na askari Waafrika wa King's African Rifles. Siku ya pili mji ulianguka, mnara ukabomolewa. Kisha askari waliruhusiwa kupora. Jioni walirudi kwenye mashua, wakawaachia wakaaji mji uliovunjwa. Hasara ya namna hiyo wakaaji wa Bunia hawahitaji kuelezwa.

Selous alipandishwa kuwa kapiteni. Tarehe 26 Septemba 1916 alitangaziwa medali ya DSO, kwa ushujaa na uvumilivu wake katika vita hiyo. Wiki moja kabla, askari wa Force Publique kutoka Congo walikuwa wameteka Tabora. Nyuma yao walikuwa wapagazi maelfu na maelfu. Wengi walikufa kwa njaa na ugonjwa.

Selous alizikwa Beho Beho. Mtoto wake, rubani wa vita, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake.

Mwaka 1922 Waingereza waliita hifadhi kubwa ya wanyama kwa jina la Selous, mtu aliyeishi kwa kuua tembo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya majangili wa pembe. Hifadhi ya Okapi, hapa Ituri, imo katika orodha hiyo tangu 1997. Mwaka 2019 Tanzania ilikata sehemu kubwa ya kaskazini, ikaifanya mbuga ya taifa ya Nyerere. Kaburi la Selous liko ndani yake.