Kimweri wa Vugha na Nyumba Iliyogawanyika

Barabara itokayo Lushoto kwa njia ya Magamba hupanda na kushuka kati ya mashamba ya viazi na kabichi mpaka kufika Lukozi. Siku ya soko Mshambaa, Mmbugu na Mpare husimama bega kwa bega, na malori hupakiwa mboga za kwenda Dar es Salaam. Muuzaji hamwulizi mnunuzi dini yake wala chama chake kabla ya kumpimia viazi. Mgeni aonaye hayo huenda akadhani kwamba amani ni kitu kilichoota chenyewe, kama ukungu wa milima ile. Sivyo. Babu za watu hao walikuwa na amani, wakaipoteza, wakakaa bila hiyo zaidi ya miaka 20. Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili ya kueleza mambo hayo: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Leo twataka kumkumbuka mtu ambaye maisha yake na kifo chake yafafanua maneno yote mawili, naye ni Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Ushambaa.

Kimweri alikuwa wa ukoo wa Wakilindi, uzao wa Mbegha. Masimulizi ya Washambaa yasema kwamba Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao bila kupendelea upande. Ndipo wakamweka kuwa mfalme wao. Basi enzi ile, kwa masimulizi yake yenyewe, ilianza kwa ukarimu na hukumu ya haki, si kwa mkuki.

Kimweri alishika utawala karibu na mwaka 1815, akatawala muda wa miaka 47 hivi. Mji wake mkuu ulikuwa Vugha, upande wa kusini wa milima ya Usambara Magharibi. Enzi yake ilienea milimani kote, ikashuka Bondei mpaka kukaribia bahari, hata viongozi wa miji kadhaa ya pwani kati ya Tanga na Pangani walithibitishwa na yeye na na Sultani wa Unguja pia. Mmisionari Krapf alifika Vugha mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Mfalme alimpokea vizuri. Mwaka 1857 walifika Waingereza Burton na Speke, wakamkuta amekwisha kuwa mzee, mgonjwa, atamaniye dawa ya kumrudishia nguvu.

Je, nchi kubwa namna hiyo iliunganishwa na nini? Kwanza, mfalme aliwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu mbalimbali, na kila mmoja alimtazama yeye kama baba na kama mfalme. Pili, kodi ya mazao na mifugo ilipelekwa Vugha, na kutoka Vugha mfalme aliwakirimu watu wake. Tatu, ugomvi ulioshindikana kwa watawala wadogo ulikuwa na mahali pa kukomea. Watu waliamini hata kwamba mvua ilikuwa mkononi mwake. Sisi twajua ni nani aletaye mvua. Lakini tusiwacheke wazee wetu, kwa sababu walitambua jambo moja la kweli, ya kwamba mtawala akiwa na amani na watu wake, mkulima hulima bila hofu na mavuno huonekana.

Tusimfanye Kimweri kuwa mtakatifu. Zama zake zilikuwa zama za utumwa, naye hakuwa nje ya zama hizo. Tena kulikuwa na udhaifu katika kazi yake ambao hakuurekebisha. Umoja wote wa nchi ulikaa juu ya mtu mmoja. Ulidumu kwa kuwa yeye alikuwa hai, na kwa kuwa watawala walikuwa wanawe. Lakini watoto wa baba mmoja hawawi na nia moja kwa sababu ya damu tu. Mfalme aliyeamua mashauri ya nchi nzima hakuyamaliza mashauri ya nyumba yake. Twakumbuka Mfalme Daudi, ambaye aliwashinda maadui wa Israeli, lakini ugomvi wa wanawe ukamshinda, akaishia kumlilia Absalomu.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakibadilika bondeni. Njia ya misafara kutoka Pangani kwenda bara ilipita chini ya milima, na huko Mazinde alikaa Semboja, mmoja wa wana wa mfalme. Vugha ilitajirika kwa kodi ya wakulima wa milimani; Mazinde ilitajirika kwa biashara ya pembe na watumwa, ikapata bunduki. Mwana akawa na nguvu ambazo hakupewa na baba yake, na ambazo baba yake hakuweza kumnyang'anya.

Mshuza, mwana aliyetazamiwa kurithi, alikufa kabla ya baba yake. Hata Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti alikipata Shekulwavu, mwana wa Mshuza. Huyu alikuwa kijana, na watawala wa sehemu zote walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Babu yake alikuwa amewatawala kama wana. Yeye angewatawala kama nani? Hakuwa na wana wake watu wazima wa kuwaweka mahali pao. Semboja hakukubali kuwa chini ya mtoto wa ndugu yake. Alimfukuza Shekulwavu Vugha, akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, kuwa mfalme; naye akabaki Mazinde akiwa mwenye nguvu hasa. Shekulwavu alikimbilia mashariki, na baada ya kufa kwake ndugu zake waliiendeleza vita.

Hapo ndipo nchi ilipoharibika. Kila upande uliita watu wa nje kuja kuwapiga ndugu zake. Baruti ilitakiwa, na baruti ilinunuliwa kwa watu: mama aliyekwenda kuteka maji na mtoto aliyechunga mbuzi walikamatwa, wakauzwa pwani. Wabondei, walioonewa muda mrefu, waliinuka katika maasi yaitwayo Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliowatawala. Wasomaji wa Kiswahili waweza kuyasoma mengi ya mambo hayo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, aliyeishi kati ya watu hao. Mwisho wake ukawaje? Wajerumani walipofika waliikuta nyumba iliyokwisha kupasuka. Mwaka 1895 Semboja alikufa, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa. Enzi ambayo ndugu waliigombania ikawa mali ya mgeni. Tembo walipigana, nyasi zikaumia, na mwishowe tembo nao wakafungwa.

Wasomaji wapenzi, hatusimulii haya kwa kupenda habari za kale tu. Nchi yetu ilizoea kusifiwa kwa amani yake, nasi tukazoea kusikia sifa hiyo. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, na maandamano, na amri ya kutotoka nje usiku, na vifo. Katika nyumba nyingi mzazi na kijana hawakuweza kuzungumza juu ya siku zile bila kukasirikiana; na pengine waumini waliokaa benchi moja kanisani walitoka wakiwa wamenuniana. Hapo twaona kwamba neno kubana shi si la Washambaa peke yao.

Basi kuponya nchi ni kufanya nini? Kwanza, ni kukiri jeraha. Jeraha lililofunikwa bila kusafishwa hutunga usaha. Waliofiwa wana haki ya kuujua ukweli na kuwalilia wapendwa wao. Anayewaambia wasahau kabla hawajasikilizwa haponyi kitu. Pili, ni kuwa na mahali pa haki panapoaminiwa na wote, hata na walioshindwa. Amani iliyotegemea uhai wa Kimweri ilizikwa pamoja naye. Amani itegemeayo sheria ya haki, isiyompendelea mkubwa wala kumdharau mdogo, huweza kurithiwa. Wenye mamlaka na wakumbuke kwamba nguvu bila kibali cha watu ni nguvu za Mazinde: zaweza kuuteka mji mkuu, haziwezi kuiponya nchi. Na vijana wetu wakumbuke kwamba anayeita moto uje kumwunguza jirani yake hatajua utakapokomea.

Tatu, kazi hii huanza nyumbani. Bwana wetu alifundisha kwamba ufalme uliogawanyika hausimami. Tena alituagiza tuache sadaka yetu mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu. Kila baba na kila mama na aulize: ni ugomvi gani ninaotaka kuwarithisha wanangu? Ni shamba gani lisilogawanywa kwa haki? Ni mtoto gani nisiyemsikiliza kwa sababu mawazo yake si yangu? Wenye nyumba wakae jioni pamoja, kila mmoja aseme bila kukatizwa, kisha wote wasali Rozari, wakiwataja kwa majina hata wale waliowakosea.

Kimweri alifuatwa na dua za watu wake wakiomba mvua. Sisi tumwombe Mungu mvua nyingine, ya kulainisha mioyo iliyokauka. Nayo ikinyesha, itukute tumekwisha kulima.