BWANA DARWIN NA NYUNGUNYUNGU

Ukipita nyuma ya jiko katika nyumba nyingi za Mutakura, utaona maganda ya ndizi, mashina ya lenga-lenga na majani ya kabichi yakingoja kutupwa. Yakitupwa mtaroni huoza na kuleta nzi. Yakichukuliwa na gari la taka, bustani zetu hazipati kitu. Yupo kiumbe awezaye kuyageuza kuwa mbolea ndani ya sanduku moja tu, naye ni nyungunyungu, ambaye wengi wetu twamjua kwa kazi moja ya kuwa chambo cha ndoana. Kabla hatujamcheka mtu afugaye minyoo, yafaa tujue habari za bwana mmoja mkuu aliyewaweka nyumbani mwake, akawalisha na kuwapima. Jina lake ni Charles Darwin.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mwenye sifa na mali. Mama yake alifariki mwaka wa 1817, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka 8 tu. Shuleni hakung'ara hata kidogo. Alipenda kukusanya wadudu na kuwinda ndege kuliko kukariri masomo, hata baba yake akahofu ya kwamba atakuwa mtu bure. Mwaka wa 1825 alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari. Siku zile hapakuwa na dawa ya usingizi, na Darwin alipoona mgonjwa akipasuliwa, alikimbia nje asirudi tena. Baada ya miaka miwili akaacha masomo hayo, akapelekwa Cambridge ili awe kasisi. Hilo nalo halikutimia.

Tarehe 27 Desemba 1831 aliondoka katika merikebu iitwayo Beagle, akazunguka dunia karibu miaka mitano, akarudi kwao Oktoba 1836. Aliyoyaona safarini ndiyo yaliyomwongoza kuandika kitabu chake cha mwaka wa 1859 juu ya asili ya viumbe, kilichotikisa dunia nzima. Lakini habari hiyo imeandikwa mahali pengi, nasi leo twamfuata nyungunyungu.

Mara baada ya kurudi, Darwin alikwenda kumwamkia mjomba wake, Josiah Wedgwood, katika kijiji cha Maer. Mjomba akamwonyesha shamba la majani ambalo miaka kadhaa nyuma lilimwagiwa chokaa. Juu ya ardhi haikuonekana chokaa yo yote. Walipochimba, waliikuta imelala chini kwa inchi kadhaa kama mstari mweupe. Nani aliyeifukia? Mjomba alidhani ni nyungunyungu, kwa kuwa hula udongo chini na kuutoa juu katika vichungu vidogo, na hivyo kila kilicho juu hufunikwa polepole. Darwin aliyashika maneno hayo, na Novemba 1837 akayaeleza mbele ya wataalamu wa mawe na ardhi huko London.

Si wote waliokubali. Mwaka wa 1869 mwandishi mmoja wa mambo ya bustani alipinga, akisema ya kwamba nyungunyungu ni wadogo mno na dhaifu mno kufanya kazi kubwa namna hiyo. Lakini Darwin alikuwa ameanza kutafuta jibu miaka 27 kabla ya hapo, tena shambani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1839 alimwoa Emma, binti wa mjomba huyo huyo, na mwaka wa 1842 wakahamia kijiji cha Down katika jimbo la Kent. Desemba ya mwaka huo alitawanya vipande vya chaki juu ya shamba moja karibu na nyumba, kisha akangoja. Katika maisha yake alipata watoto 10, na watatu kati yao akawazika wakiwa wadogo. Mmoja alikuwa Annie, binti yake mpendwa, aliyekufa mwaka wa 1851 akiwa na miaka 10. Mwenyewe aliandamwa na ugonjwa ambao madaktari hawakuutambua. Hata Novemba 1871 ukachimbwa mtaro katika shamba lile. Ile chaki ilionekana imelala inchi 7 chini ya ardhi, ambazo ni kama sentimita 18. Jibu la swali moja lilimgharimu miaka 29.

Katika uzee wake aliwaleta nyungunyungu ndani ya nyumba, akawatia katika vyungu vya maua vilivyojaa udongo. Jamaa yote ikawa kama darasa moja. Filimbi ilipulizwa, nao hawakushtuka. Ala ya muziki ya sauti nzito ilipulizwa, nao wakatulia. Piano ilipopigwa vyungu vikiwa kando, hawakujali. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe, mlio mmoja ukawafanya wakimbilie mashimoni. Ndipo akajua ya kwamba hawasikii sauti, lakini mtetemeko wauhisi mno. Hawana macho pia, walakini mwanga mkali wa taa uliwakimbiza.

Kisha akajaribu vyakula. Walipenda kabichi na vitunguu, na zaidi ya hayo majani ya karoti. Alipoona wakivuta majani makavu kuziba mashimo yao, alikata karatasi pembe tatu, vipande 303, akavitupa penye mashimo. Karibu 62 katika kila 100 vilivutwa kwa ncha iliyo nyembamba, ambayo ndiyo njia iliyo rahisi. Darwin akaona ya kwamba kiumbe huyu anayekanyagwa na kila mtu ana chembe ya akili.

Ule udongo wanaoutoa juu ulikusanywa, ukakaushwa na kupimwa kwa mizani. Katika mashamba manne, hesabu ilitoka tani 7 na zaidi mpaka tani 18 kwa eka moja kila mwaka. Hayo yote aliyaandika katika kitabu, akiharakisha kukimaliza kabla mwenyewe hajaingia udongoni. Kilitoka Oktoba 1881, kikauzwa maelfu kwa muda mfupi. Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa kwa heshima katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Basi, sisi wa Mutakura tutapata faida gani? Majaribio ya mzee huyu yatufundisha kutunza sanduku. Nyungunyungu huogopa mwanga, basi sanduku au ndoo kuukuu na ifunikwe, ikiwa na matundu madogo ya hewa na ya kutolea maji. Huhisi mtetemeko, basi isiwekwe karibu na kinu cha kutwangia sombe. Hupumua kwa ngozi, basi malazi yao ya majani makavu ya mgomba na vipande vya boksi yawe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Yakikauka watakufa, yakijaa maji watakimbia. Kivuli ni lazima, maana jua la Bujumbura ni kali.

Lakini angalieni jambo moja. Nyungunyungu wa Darwin walikuwa wa shambani, wachimbao mashimo marefu, na hao hawakai vema sandukuni. Wafaao ni wale wadogo wekundu wakaao juu juu, katika samadi na majani yanayooza. Katika nchi za joto hufugwa pia aina moja kubwa iliyotoka Afrika ya Magharibi.

Wapeni chakula kidogo kidogo: maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa, mboga zilizochakaa, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Kikizidi huoza, hupata moto na kunuka, nao wakafa. Msiwape nyama, vichwa vya ndagala, mafuta wala chumvi. Vitunguu na malimau yawe haba. Baada ya miezi mitatu au zaidi mimineni vyote juu ya mkeka mahali penye mwanga. Nyungunyungu watazama chini kuukimbia, nanyi mtakwangua juu mbolea nyeusi isiyonuka.

Jirani atakapomcheka mmoja wenu, na akumbuke ya kuwa Darwin alichekwa pia, naye hakugombana na mtu. Alitawanya chaki shambani, akangoja. Yule mtoto aliyedhaniwa kuwa mtu bure alimtetea kiumbe aliyedhaniwa kuwa bure, na wote wawili wakaonekana wana haki. Haba na haba hujaza kibaba. Anayetaka kuanza hahitaji miaka 29. Ahitaji ndoo moja, na maganda ya ndizi yaliyoliwa leo.