Byron Kawadwa na jukwaa la Kampala

Kama umewahi kupeleka au kununua vinyago na vikapu katika kijiji cha sanaa jijini Kampala, basi umepita nyuma ya Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, karibu na Bunge. Wengi hulitumia kuelekezana njia. Mimi hulitumia kuwaeleza wanafunzi wangu habari za Byron Kawadwa.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1959, wakati wa ukoloni. Mwanzoni vikundi vya Wazungu na Waasia ndivyo vilivyotamba humo, na Kiingereza ndicho kilichosikika zaidi. Kawadwa ni miongoni mwa waliobadili hali hiyo. Akiongoza kikundi cha Kampala City Players, alitunga michezo kwa Kiganda, akachanganya ngoma, nyimbo na mzaha.

Mchezo wake uliovuma sana ni Oluyimba lwa Wankoko, wenye muziki wa Wassanyi Serukenya. Enkoko kwa Kiganda ni kuku, lakini kichekesho hicho kilihusu tamaa ya madaraka katika makao ya mfalme. Chini ya utawala wa Idi Amin, mada hiyo ilikuwa ya hatari.

Kawadwa akawa mkurugenzi wa jumba lilelile. Mapema mwaka 1977 mchezo huo uliiwakilisha Uganda katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, Nigeria. Alikuwa nje ya mpaka, salama, lakini alirudi kwao. Februari hiyo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Haukupita muda mrefu, watu wa usalama wakamkamata Kawadwa katika jumba hilo, naye akauawa.

Sisi tuliosoma uhamishoni tulirudi bila kumjua. Shuleni kwetu Kenya tulisoma tamthilia za wengine. Nyumbani wazazi waliwataja waliouawa kwa sauti ya chini. Ndiyo maana katika miaka ya 2010, ulipozuka mpango wa kulibomoa jumba na kujenga ghorofa refu, niliwaelewa wasanii waliopinga. Aliyeondoka akiwa mtoto hurudi akakuta mitaa imegeuka. Anahitaji walau ukuta mmoja wa kumwonyesha mambo yalitokea wapi.

Kwa hiyo ukimaliza kufunga mzigo wa Busia au Malaba, zunguka upande wa mbele ukalitazame. Mtoto akiuliza ni jengo gani, mtajie jina la Kawadwa.