Jimi Hendrix na Sauti ya Mkwaruzo

Mnamo Novemba 27, 1942, katika mji wa Seattle ulioko kaskazini-magharibi mwa Marekani, Lucille Hendrix alijifungua mtoto wa kiume akampa jina Johnny Allen. Babake mtoto, Al, alikuwa jeshini. Aliporejea alimchukua mwanawe, na mnamo 1946 akambadilishia jina, akamwita James Marshall. Jina Marshall lilikuwa la nduguye Al aliyekuwa ameaga dunia. Hiyo ni sadfa tu, lakini msimulizi wa maisha haya hawezi kuipita kimya, kwa maana miaka ishirini baadaye jina hilohilo lilikuwa limeandikwa kwenye mitambo iliyompa mtoto huyo sauti yake.

Utoto wake ulikuwa wa ufukara. Wazazi wake walitengana, na mamake akafariki mwaka 1958. Kabla ya kumiliki ala yoyote, alizoea kutembea na ufagio akiupiga kana kwamba ni gitaa. Kisha, alipokuwa akimsaidia babake kuondoa takataka katika nyumba fulani, akaokota yukalele kuukuu iliyobakiwa na uzi mmoja. Kwa uzi huo akajifunza kufuatisha nyimbo alizozisikia. Gitaa lake la kwanza la mbao liligharimu dola 5. Alipojiunga na vijana wenzake katika bendi, aligundua kwamba gitaa hilo lilimezwa na ala nyingine. Hapakuwa na aliyelisikia. Mnamo 1959 babake alimnunulia gitaa la umeme. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, magitaa mengi aliyoyapiga yalikuwa ya watu wa mkono wa kulia, akayageuza juu chini na kuzipanga nyuzi upya.

Mnamo 1961 polisi walimkamata katika magari ya wizi, akachagua jeshi badala ya jela. Akawa askari wa miavuli, na kufikia mwaka uliofuata alikuwa ameachiliwa. Baadaye aliwapigia gitaa wengine, wakiwamo Isley Brothers na Little Richard. Mpiga gitaa wa kukodiwa hutarajiwa kumpamba mwimbaji, si kumfunika. Hendrix hakuyaweza hayo kwa muda mrefu. Mwaka 1966, katika kilabu kimoja cha New York, Chas Chandler alimsikia, na mnamo Septemba 24 mwaka huo wawili hao wakawasili London.

Hapa hatuna budi kutua kidogo, kwani bila kuielewa mitambo hatuwezi kumwelewa mtu huyu. Gitaa la umeme hutoa mkondo dhaifu sana. Amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti, huupa mkondo huo nguvu ya kusukuma spika. Katika amplifaya za zama hizo kazi hiyo ilifanywa na valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa wekundu ndani. Kila valvu ina kikomo chake. Ikilishwa mkondo uliozidi kikomo, vilele vya mawimbi hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo katika uzi uliopigwa. Noti hunenepa, hukwaruza, na hudumu zaidi. Wahandisi waliiona hali hiyo kuwa kasoro. Leo Fender, aliyeunda gitaa la Stratocaster ambalo Hendrix alilipenda, alijitahidi amplifaya zake zitoe sauti safi kadiri iwezekanavyo. Sisi wanafunzi wa ushairi hatupaswi kushangaa kwamba kasoro iligeuka kuwa mtindo: inkisari na mazida zinaharibu neno kwa mujibu wa sarufi, ilhali mshairi hujengea beti zake hapo.

Mpiga ngoma wa kundi lake jipya, Mitch Mitchell, alikuwa amewahi kufanya kazi katika duka la Jim Marshall lililokuwa Hanwell, magharibi mwa London. Ndiye aliyemkutanisha Hendrix na mwenye duka. Amplifaya ya kwanza ya Marshall ilikuwa imeigwa kutoka kwa Fender Bassman, lakini tofauti za valvu na spika ziliifanya ivunje sauti kwa namna yake. Kufikia wakati huo Marshall alikuwa ameunda mtambo wa wati 100, unaowekwa juu ya makabati mawili, kila moja likiwa na spika 4 za inchi 12. Makabati hayo yalifungwa nyuma, nayo yalitoa besi nzito yenye kishindo. Isitoshe, spika za gitaa hazitoi vizuri sauti za juu kabisa. Hivyo huuchuja ukali wa mkwaruzo kabla haujayafikia masikio.

Miguuni pake aliweka Fuzz Face, pedali ya duara iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, yenye transista mbili tu. Za mwanzo zilikuwa za jerimaniamu, madini ambayo tabia yake hubadilika kwa joto, na hazikufanana. Moja ilinguruma vizuri, nyingine ikakoroma tu. Ilibidi kuzijaribu kadhaa ili kuipata iliyo bora. Fundi Roger Mayer alimtengenezea Octavia, pedali inayoongeza noti ya oktavo ya juu, nayo inasikika katika wimbo Purple Haze uliotolewa Machi 1967.

Wapo waliomdhania mpiga kelele, hasa baada ya kulichoma gitaa jukwaani huko Monterey mnamo Juni 18, 1967. Kwa maoni yangu moto ule ulimdhulumu, kwa kuwa uliwafanya watu wamtazame badala ya kumsikiliza. Pedali na amplifaya zikiwa zimefunguliwa vilivyo, alikuwa akipunguza kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe, na mkwaruzo ukageuka kuwa mlio safi. Akikirudisha, ngurumo inarejea. Aliposogea karibu na spika, mlio wake ulizitikisa nyuzi upya, noti ikaendelea bila kupigwa. Asubuhi ya Agosti 18, 1969 huko Woodstock, wakati Marekani ingali vitani Vietnam, aliupiga wimbo wa taifa bila kuuimba. Katikati ya wimbo alilifanya gitaa livume kama mabomu yanayoanguka, kisha akairudia tuni palepale alipoiachia.

Agosti 26, 1970 alifungua studio yake jijini New York, Electric Lady. Baada ya hapo alirudi Ulaya kwa maonyesho, na mnamo Septemba 18 akafa London baada ya kumeza vidonge vya usingizi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alizikwa Renton, karibu na Seattle, Oktoba 1. Studio ingali inafanya kazi. Yeye aliitumia kwa majuma machache tu.