Marehemu Mohamed Amin, Mpiga Picha
Wanafunzi mnaogombea kamera siku ya mahafali hapo Kunduchi, huyu ni mwenzenu. Marehemu Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akasoma sekondari Dar es Salaam, na angali kijana akapiga picha za mashindano ya magari ya East African Safari. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix papa hapa mjini. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 hayakumpita. Mwaka 1966 kamera hiyo hiyo ilimtia gerezani huko. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliuamsha ulimwengu. Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, 1991, ulimpokonya mkono wa kushoto. Akafungiwa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 23, 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.