Simon Kimbangu na Watoto Wake Watatu: Deni la Mzazi Haliishi kwa Bukari



Katika mikutano ya wazazi ya parokia zetu kuna neno linalosikika mara nyingi. Baba anasimama, anaeleza kwamba yeye amemaliza kazi yake: watoto wanakula bukari, wanalala chini ya mabati, na minervali ya masomo imelipwa. Basi wakiharibika, kosa si lake. Hatumdharau baba huyo. Kulisha nyumba siku hizi ni vita, na Paulo mtume, katika 1 Timotheo 5:8, anamwonya vikali mtu asiyetunza watu wa nyumba yake. Lakini je, deni la mzazi linaishia hapo? Na kama linaishia hapo, tutasema nini juu ya baba ambaye kwa miaka 30 hakupewa nafasi ya kumpa mtoto wake hata sahani moja ya chakula?

Baba huyo alikuwako. Alikaa na kufa katika mji wetu huu wa Lubumbashi, zamani zile ukiitwa Elisabethville. Ni Simon Kimbangu. Wengi wetu tunajua habari ya mahubiri yake na ya kuponya wagonjwa. Leo tumtazame kama mzazi, pamoja na mke wake, Mama Muilu Marie.

MTOTO WA NKAMBA

Simon Kimbangu alizaliwa tarehe 12 Septemba 1887 katika kijiji cha Nkamba, katika jimbo tunaloliita leo Kongo-Central. Mama yake mzazi, Luezi, alikufa mapema, na mtoto akalelewa na mama mmoja wa jamaa yake aliyeitwa Kinzembo. Inasimuliwa kwamba misionari mmoja Mwingereza, Cameron, alipokuwa akikimbizwa na watu, alipata hifadhi kwa mama huyo Kinzembo. Watu wengine walikuwa wakimfukuza mgeni, yeye alimfungulia mlango.

Tuanze kujifunza hapo hapo. Nabii huyu alikuwa yatima. Aliyempa malezi si yule aliyemzaa. Maana yake, deni hili la malezi halishikwi na damu peke yake. Mama mdogo, shangazi, nyanya, kaka mkubwa, kila mtu aliyepokea mtoto katika lupango lake amepokea na deni pamoja naye. Mtoto wa marehemu ndugu yako akila kwako tu, halafu hakuna anayemfundisha wala kumwita mwanangu, bado deni halijalipwa.

Kimbangu alisoma kwa Wabatisti wa Uingereza waliokuwa na misioni huko Ngombe-Lutete. Alioa Muilu Marie, na wote wawili wakabatizwa tarehe 4 Julai 1915. Mungu akawapa watoto watatu wa kiume: Charles Kisolokele, aliyezaliwa mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916, na Joseph Diangienda mwaka 1918. Baba akawa katekista, mtu wa kufundisha Neno katika vijiji.

Mwaka huo wa 1918, wakati ugonjwa mkubwa wa mafua ulipokuwa ukiua watu wengi katika dunia yote, Kimbangu alianza kusikia wito wa Mungu. Aliogopa kama Yona. Akaondoka kwenda Kinshasa kutafuta kazi, kama baba yeyote mwenye watoto wadogo. Lakini wito ulimfuata huko huko, na mwisho alirudi kijijini kwake.

MIEZI MITANO

Tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mwanamke mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Tangu siku ile watu walifurika Nkamba. Waliacha mashamba, waliacha viwanda, walitoka hospitali wakiwa wamebebwa. Kimbangu aliwahubiri watubu, wachome hirizi na sanamu za uchawi, waache ngoma za aibu, na mwanaume akae na mke mmoja. Mafundisho hayo ya mwisho tuyasikie vizuri, kwa sababu yanagusa watoto. Baba mwenye nyumba tatu hugawanya feza yake, na hugawanya pia wakati wake na sikio lake. Wa kwanza kuona upungufu ni mtoto.

Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa Juni ilituma askari kumkamata, akawaponyoka. Tarehe 12 Septemba 1921 alijitoa mwenyewe, akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi huko Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kazi yake ya wazi ilikuwa imechukua miezi mitano tu. Ndipo aliletwa huku kwetu, mbali na kwao zaidi ya kilometa 1500.

Tuhesabu sasa miaka ya watoto siku baba yao alipokamatwa. Kisolokele alikuwa na miaka 7. Dialungana 5. Diangienda 3. Hii ndiyo nyumba aliyoiacha.

NYUMBA ISIYO NA BABA

Serikali haikuishia kwa baba. Kisolokele, angali mtoto, alitengwa na mama yake akapelekwa Boma, katika shule ya wakoloni. Baadaye Diangienda naye alisoma huko Boma. Dialungana alibaki na mama. Wafuasi wengi walifukuzwa na kutawanywa mbali, nyumba kwa nyumba, katika majimbo mengine ya Kongo. Kusali kwa namna yao kukawa kosa.

Mama Muilu alibaki chini ya macho ya watawala. Angeweza kukata tamaa. Angeweza kuwaambia watoto wasahau jina la baba yao ili wapate amani na kazi nzuri. Hakufanya hivyo. Alishika imani, akawa nguzo ya waamini waliokutana kwa siri, na wale waliomtafuta walimkuta amesimama. Hivyo watoto walikua wakijua jambo moja kwa wazi: baba yetu hakufungwa kwa wizi wala kwa kuua, amefungwa kwa ajili ya Mungu. Mtoto wa miaka 3 hawezi kukumbuka mahubiri. Kile Diangienda alichokijua juu ya baba yake katika utoto wake, alikipata kwa mama na kwa waamini.

Wapendwa, hilo ni deni ambalo wazazi wengi hatulihesabu: mtoto anadai kuambiwa kweli juu ya nyumba yake, na anadai jina lisilochafuliwa. Ukikosana na mke wako, usimchafue mama mbele ya watoto. Ukiachwa na mume, usipande chuki ya baba katika moyo wa mtoto. Unayemvunja ni mtoto mwenyewe, kwa sababu nusu yake ni ya yule unayemtukana.

Miaka ikapita: 10, 20, 30. Simon Kimbangu alikufa hapa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, bado mfungwa. Hakuacha lupango, hakuacha duka wala feza.

URITHI ULIOONEKANA

Lakini tazameni kilichofuata. Watoto wale watatu, wawili wao wakiwa wamesomea mikononi mwa wenye kumfunga baba yao, hawakuikana njia yake. Diangienda alikuwa karani katika utawala wa kikoloni, kazi iliyotamaniwa sana siku zile. Hata hivyo alisimama pamoja na mama na kaka zake, wakakusanya waamini waliotawanyika. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ilikubali Kanisa lao kwa wazi. Mama Muilu hakuiona siku ile. Alikuwa amekufa tarehe 27 Aprili mwaka huo huo, miezi nane kabla. Alipanda, wengine wakavuna.

Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulitolewa katika mji wetu ukarudishwa Nkamba. Mwaka huo huo Kisolokele, yule mtoto aliyepelekwa Boma, aliingia katika serikali ya kwanza ya Kongo huru, akiwa waziri wa nchi katika serikali ya Patrice Lumumba. Diangienda aliongoza Kanisa tangu 1959 mpaka kufa kwake mwaka 1992. Kisolokele alikuwa msaidizi wake, ingawa ndiye aliyezaliwa kwanza, naye alikufa mwaka huo huo wa 1992. Dialungana aliitunza Nkamba, kisha akaongoza Kanisa mpaka alipofariki mwaka 2001. Mdogo aliongoza, wakubwa wakakubali kumsaidia. Sisi tunaojua jinsi ndugu wanavyopigania nyumba ya marehemu baba kabla hata ya matanga kuisha, tushangae na tujifunze. Baba yao hakuwaachia mali ya kugombania, aliwaachia kazi ya kufanya pamoja.

Na tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi yetu yote, kwa kukumbuka mapambano ya mtu huyo aliyekufa mfungwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, asisome mtu habari hii akajitetea nayo. Kimbangu hakukimbia nyumba yake, aliondolewa kwa nguvu. Baba anayekwenda Kolwezi kuchimba madini, akapata mke mwingine huko na kusahau watoto wa Lubumbashi, yeye hana gereza la kumtetea. Tena simu anayo. Aliyefungwa miaka 30 hakuwa nayo.

Pili, chakula na nyumba vinaweza kuchukuliwa. Vita vinachukua, ugonjwa unachukua, kampuni ikifungwa mshahara unakwisha. Sisi wa Katanga tumeyaona. Kile ambacho umeweka ndani ya mtoto, yaani kumjua Mungu, kusema kweli, kupenda ndugu zake, hakuna askari anayekuja kukikamata. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa nyumbani na njiani, jioni na asubuhi. Haiwatumi wapeleke watoto kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili na kunawa mikono. Timotheo alipata imani kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, kama Diangienda alivyoipata kwa Mama Muilu. Baba, je, mtoto wako amewahi kukuona unapiga magoti? Mama, je, anajua kwa nini mnasali, au anajua tu kwamba ni lazima kuvaa nguo safi siku ya Mungu?

Tatu, na hili tunalisema kwa uchungu, kwa sababu linatendeka katikati ya watu wanaojiita wa maombi. Kuna wazazi ambao, nyumba ikipatwa na kifo au kukosa kazi, wanamgeukia mtoto na kumwita mulozi. Mtoto wa marehemu ndugu, mtoto wa mke wa kwanza, mtoto mwenye kifafa au anayekojoa kitandani, ndiye anayeshikwa. Ananyimwa chakula siku nyingi, anapigwa, mwisho anafukuzwa na kulala sokoni. Na mara nyingine aliyemtaja ni mtu wa kanisa anayesema ameona katika roho. Wapendwa, Kimbangu alipigana na uchawi kwa kuwaita watu wakubwa watubu na kuchoma hirizi zao wenyewe. Kumtupa mtoto njiani si vita ya kiroho. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa adhabu kwa mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini hata kabla ya sheria ya nchi, Bwana Yesu aliwapokea watoto na kuwabariki, akawakemea waliowazuia. Mama Muilu alilinda jina la watoto wake wakati serikali nzima ilikuwa inalichafua. Wewe mzazi utalichafua mwenyewe?

Kwa hiyo, kila nyumba na ikae chini juma hili. Baba na mama wahesabu deni lao lililobaki. Labda ni kuomba na watoto jioni, hata dakika chache, kabla ya kulala. Labda ni kumsikiliza kijana ambaye hajaongea na baba yake tangu miezi. Labda ni kumtafuta mtoto aliyefukuzwa na kumrudisha, hata kama jamaa watanung'unika. Mwenye shida ya namna hiyo asione haya, aje kwa mchungaji au kwa sisi mashemasi, tutakwenda naye mpaka nyumbani. Na mwenye kumlea yatima ajue ya kwamba kazi yake Mungu anaiona. Kinzembo hakujua ni mtu gani aliyemlea.

Mungu wa baba zetu awape wazazi wote wa Kanisa lake moyo wa kulipa deni hili wangali hai, na watoto wetu wakumbuke kwetu kitu kilicho zaidi ya sahani.

Amina.

Ni mimi ndugu yenu, shemasi wa parokia, Lubumbashi.